Rosa Alipokuwa Chuoni

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, imesomwa kwa muda mrefu kama onyo kwa wasichana. Hapo mwanzo ilizuiwa mashuleni kwa kuwa ilitaja mambo ya mapenzi waziwazi. Baadaye iliruhusiwa, na wengi wetu tukaifundisha kwa swali lile lile: Rosa alikosea wapi? Mimi niliyeongoza chuo cha ualimu kwa miaka mingi naona swali hilo linamkabili mtu asiyestahili.

Tufuate maisha yake. Zakaria, baba yake, mlevi, anampiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua na woga. Akifika shule ya bweni, mbali na nyumbani Ukerewe, fimbo haipo tena, wala hakuna kilichowekwa mahali pake. Kisha anaingia chuo cha ualimu Morogoro, na humo mkuu wa chuo mwenyewe anakuwa mmoja wa wanaomtumia. Mwisho wa riwaya Rosa anajiua.

Mara nyingi lawama hutupiwa Zakaria, na anastahili. Lakini chuo je? Mwandishi amemchora vyema mkuu mwovu. Mkufunzi mwema ametuachia tumfikirie wenyewe. Naona hilo ni pengo, kwani msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba akiondolewa mkuu yule, chuo kimepona. Sivyo. Kutomdhuru mwanachuo hakujawa bado kumlea.

Mwenye jeraha moyoni ni nadra aje ofisini kulieleza. Utamwona haji darasani, harudishi kazi, wenzake wakienda kula yeye amelala bwenini, anagawa vitu vyake, anasema hana faida kwa mtu. Vyuoni mambo haya huandikwa kuwa ni utovu wa nidhamu, na barua ya onyo hufuata. Tunapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, ilhali hatujajiuliza kama tumempa pa kuyafunulia.

Mkufunzi si daktari, na asijifanye daktari. Amwite mwanachuo mahali patulivu lakini panapoonekana na watu. Amweleze aliyoyaona bila kumtuhumu, kisha anyamaze asikilize, mahubiri yangoje. Akihisi kuwa mwanafunzi anafikiria kufa, amwulize waziwazi, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Asimwahidi siri katika jambo la uhai, asimwache peke yake, ampeleke hospitali. Akirudi, aendelee kumjulia hali, kwa sababu wengi huacha hapo wakidhani kazi imekwisha.

Na kisa cha Rosa kinatufunza jambo moja zaidi: mwanachuo awe na zaidi ya mlango mmoja wa kubisha. Matroni, mlezi wa bweni, mkufunzi wa somo, kiongozi wa dini, kila mmoja ajulikane kwamba anapokea watu. Pengine aliyeshika ufunguo wa mlango mkuu ndiye aliyemjeruhi.

Ndugu msomaji, Rosa alihitimu akawa mwalimu. Watoto wa watu walikaa mbele yake, na yeye moyoni hakuwa ametibiwa. Basi tunapoifundisha riwaya hii, tuwaulize vijana pia: walimu wake walikuwa wapi?