Sekunde 4 zilizomnyima Fox dhahabu

Tarehe 27 Julai 2021, kwenye mto wa kutengenezwa wa Kasai jijini Tokyo, Jessica Fox wa Australia alishuka kwa sekunde 102.73 katika fainali ya Olimpiki ya slalomu ya kayaki ya wanawake. Ricarda Funk wa Ujerumani alitumia 105.50, Maialen Chourraut wa Hispania 106.63. Wote wawili walimshinda. Fox aligusa fito mara mbili, matokeo yake yakaandikwa 106.73, akavishwa shaba.

Slalomu haiamuliwi na saa peke yake. Juu ya maji yanayochemka huning'inizwa malango kati ya 18 na 25, ncha za fito zikiishia takriban sentimita 20 juu ya maji. Malango ya kijani na nyeupe hupitwa kwa kufuata mkondo. Ya nyekundu na nyeupe, yasiyopungua 6, hupitwa kwa kuupanda. Ukigusa ufito kwa mwili, kafi au chombo, unaongezewa sekunde 2. Ukiruka lango ni sekunde 50, na hapo medali umeshaiaga.

Kinachotakiwa kupita katikati ya fito ni kichwa kizima pamoja na sehemu ya chombo, basi. Mchezo wote umejengwa juu ya kanuni hiyo. Mtazame mpiga kafi anapoingia lango jekundu: anateremka karibu kabisa na ufito wa ndani, anachomeka kafi kwenye maji yanayorudi nyuma, kayaki inalizunguka kafi hilo, tezi inazama na kupita chini ya ufito, naye anapindisha bega ili asiuguse. Akizunguka kwa mbali, anapoteza sehemu ya sekunde. Akijibana mno, zinakwenda 2. Kila lango la kupanda ni uamuzi huo huo, na hufanywa mikono ikiwa imeshaanza kuchoka.

Sasa tupige hesabu. Majini Fox alimwacha Funk kwa sekunde 2.77. Akiba hiyo ilitosha kulipia mguso mmoja: angemaliza kwa 104.73 na dhahabu ingekuwa yake. Mguso wa pili ndio uliomshusha, tena hadi nyuma ya Chourraut, kwa sekunde 0.10 tu.

Wapo wanaolalamika kwamba ufito uliopapaswa na kafi ukatikisika kidogo haupaswi kuhukumiwa sawa na ule uliopigwa kikumbo. Kanuni haihukumu mtikisiko bali mguso, na naiunga mkono. Mwamuzi wa ukingoni akianza kupima uzito wa mguso, hakuna atakayeamini matokeo. Ninachokisifu zaidi ni ukubwa wa adhabu yenyewe. Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 mguso uligharimu sekunde 5. Kwa kiwango kile, mguso mmoja ungemfikisha Fox 107.73, nyuma ya wenzake wote wawili, na nani angethubutu kubana fito namna ile? Sekunde 2 zinaumiza bila kuua ujasiri.

Siku mbili baadaye Fox alirudi kwenye mto ule ule, safari hii akiwa amepiga magoti kwenye mtumbwi wa kafi la bapa moja, mbio ambazo wanawake walizishindania Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hakugusa ufito wowote. Alimaliza kwa 105.04 na kuchukua dhahabu kwa tofauti ya zaidi ya sekunde 3, akiba ambayo safari hii hakuhitaji kuitumia kulipia chochote.