Tuta la Barafu Halianzii Juu ya Paa

Simu ambazo mafundi wa paa wa Minneapolis na St. Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, hupokea mwezi Januari na Februari zinafanana. Nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, tone la mvua halijaonekana kwa miezi, lakini maji yanachuruzika juu ya dirisha la sebule na rangi ya ukuta inavimba. Fundi akifika anakuta theluji imelala paa zima, na pale chini, juu ya gata, kuna tuta gumu la barafu linaloweza kufika unene wa sentimeta 20 au zaidi. Mwenye nyumba analaumu vigae. Fundi mwenye haraka hana sababu ya kumbishia: vigae vimechoka, tubadilishe paa. Kiangazi paa linabadilishwa, pesa nyingi zinatoka, na Januari inayofuata tuta liko palepale, safari hii juu ya vigae vipya.

Mafundi wanaoijua kazi hii huifanya kwa mpangilio mwingine kabisa. Kwao, sehemu kubwa ya kutengeneza paa la nyumba ya zamani hufanyika mahali ambapo mpita njia haoni kitu, yaani darini.

Tuanze na namna tuta linavyojengeka. Joto la nyumba hupanda, hupenya dari na kupasha mbao za paa kwa upande wa chini. Theluji inayogusa vigae huyeyuka, ingawa ya juu yake bado ni kavu. Maji hayo huteremka yakiwa yamefichwa na theluji hadi kwenye upindo, ile sehemu ya paa iliyotokeza nje ya ukuta. Chini ya upindo hakuna chumba, una baridi sawa na ya nje, kwa hiyo maji yakifika hapo huganda. Ya leo hugandia juu ya yaliyoganda jana. Baada ya siku kadhaa kuna tuta, na nyuma yake maji yametuama.

Vigae vya lami, ambavyo ndivyo vilivyoezekwa kwenye nyumba nyingi za huko, hufanya kazi kama makuti: kila safu hulalia safu iliyo chini yake, na mteremko ndio unaoyaondoa maji. Havikutengenezwa kukaa ndani ya maji. Maji yakituama hupanda kinyumenyume chini ya kigae, yakapata tundu la msumari, yakapata mwanya kati ya mbao, yakashuka ndani ya ukuta. Ndiyo maana hutokea juu ya dirisha na si katikati ya chumba. Paa lenyewe huenda halijatoboka popote.

Theluji nayo inachangia kuliko watu wanavyodhani, na hesabu yake inafaa kufanywa. Theluji nyepesi ya sentimeta 30 huzuia joto karibu sawa na pamba ya kioo ya sentimeta 9, ambayo ni aina ya kizuia joto utakachokikuta katika nyumba nyingi za zamani zilizobahatika kuwekewa chochote. Chukulia ndani ni nyuzi 20 na nje ni 20 chini ya sifuri. Ikiwa pande mbili zinazuia joto kwa nguvu sawa, mbao za paa zilizo katikati zitakuwa karibu na sifuri, mpakani mwa kuyeyuka. Baridi ya nje ikipungua hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, mbao hizo hufika 5 juu ya sifuri na maji hutiririka usiku na mchana. Sasa ongeza kizuia joto cha darini mpaka kiwe na nguvu mara nne ya theluji hiyo, takriban kiwango ambacho kanuni za ujenzi za Minnesota zinadai kwa nyumba mpya. Katika baridi ileile ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mbao zitashuka hadi karibu 12 chini ya sifuri. Theluji itabaki theluji.

Vipimo vya majengo halisi vinaelekea hukohuko. Miaka ya 1990 Wayne Tobiasson na wenzake wa maabara ya Jeshi la Marekani inayochunguza maeneo ya baridi, iliyoko Hanover, New Hampshire, walipima majengo yaliyokuwa yakisumbuliwa na barafu katika kambi ya Fort Drum, New York. Waliona kwamba barafu ya ukingoni huleta taabu nje kukiwa na baridi kupita nyuzi 6 chini ya sifuri huku darini kukiwa na joto kupita nyuzi 1 chini ya sifuri. Dari ikibaki baridi, tuta halijengeki. Hiyo ndiyo shabaha ya kazi yote, na mtu akiishika hatauziwa kitu asichokihitaji.

Hesabu niliyoifanya hapo juu haijagusa hewa inayovuja, na kwa maoni yangu hewa ndiyo mharibifu mkuu. Nyumba inayopashwa moto katika baridi kali husukuma hewa yake ya joto juu saa ishirini na nne, kupitia kila upenyo ulioko kwenye dari. Nyumba za zamani zimejaa penyo hizo. Katika mitaa ya Minneapolis iliyojengwa kati ya miaka ya 1920 na 1940 zipo nyingi za ghorofa moja na nusu: ghorofa ya juu imebanwa ndani ya paa lenyewe, dari yake inashuka kwa mshazari kufuata mteremko, na kila upande kuna ukuta mfupi wenye nafasi ya giza nyuma yake. Hewa hupita chini ya sakafu ya ghorofa hiyo, kutoka nafasi moja ya giza hadi nyingine, kama hakuna aliyeizuia. Na kwa kweli hakuna aliyeizuia. Seremala wa enzi hizo alikuwa na makaa ya bei nafuu na hakuhesabu joto linalopotea.

Fundi mzuri huanza kwa kusimama barabarani. Siku moja au mbili baada ya theluji kuanguka, paa husomeka: mahali theluji imeliwa mapema ndipo joto linapotoka. Mara nyingi ni duara kuzunguka dohani, au ukanda mzima juu ya dari ya mshazari. Kisha hupanda darini na tochi. Huko huangalia ncha za misumari iliyotokeza kwenye mbao. Zikiwa zimevaa vipande vyeupe vya barafu, basi mvuke wa jikoni na bafuni unafika huku juu. Huinua pamba ya kioo na kutazama upande wake wa chini. Palipo na madoa meusi ndipo hewa inapopita, kwa sababu pamba huchuja vumbi na kuliacha pale huku hewa ikiendelea na safari. Madoa hayo humwonyesha penyo moja baada ya nyingine bila chombo chochote. Wenye vifaa hufunga feni kubwa mlangoni, hubadilisha mgandamizo wa hewa wa nyumba na kupitisha kamera ya joto, lakini nimeona heri fundi mwenye tochi anayejua kutazama kuliko mwenye kamera asiyetaka kuchafua magoti.

Kuna jambo moja linalosimamisha kazi papo hapo. Akikuta darini kuna chembe nyepesi za kijivu au dhahabu zinazong'aa, hizo ni vamikulaiti, kizuia joto cha kizamani, na hazichokorwi. Nyingi ya zile zilizouzwa Marekani zilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, na madini yake yalikuwa yamechanganyika na asbesto. Minneapolis yenyewe ilikuwa na kiwanda kilichozisindika, upande wa kaskazini mashariki mwa jiji. Hapo huitwa wataalamu wa kuondoa asbesto kwanza. Nyaya za umeme za kizamani zilizopitishwa juu ya vishikizo vya kauri nazo hazifukiwi chini ya kizuia joto. Hubadilishwa na fundi umeme.

Ikiwa maji tayari yanaingia, barafu huondolewa kwa mvuke wenye mgandamizo mdogo, unaokata tuta vipande vipande bila kuumiza vigae. Shoka, nyundo na mashine ya kurusha maji kwa nguvu ni maadui wa paa. Kigae cha lami kwenye baridi huvunjika kama biskuti. Hiyo ni huduma ya kwanza tu.

Matibabu ni kuziba. Dohani ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko sehemu zote. Ilijengwa kwa matofali kuanzia chumba cha chini ya ardhi hadi juu ya paa, na kati yake na mbao huachwa nafasi ya karibu sentimeta 5 ili moto usishike mbao. Nafasi hiyo inaizunguka pande zote nne kutoka chini hadi juu, na hewa ya nyumba nzima hupanda humo. Povu la kuziba halifai hapa kwa sababu linaungua. Fundi hukata bati kufuata umbo la matofali, hulipigilia kwenye mbao, kisha huziba mstari unaobaki kati ya bati na tofali kwa gundi inayostahimili moto. Kazi hii hufanywa kwa kulala kifudifudi juu ya boriti, vumbi la miaka 90 likiwa puani. Haina sura ya kupigiwa picha, ila ukiiruka, kazi zilizobaki zote zinapoteza sehemu kubwa ya faida yake. Baada ya hapo huja tundu la bomba la choo, sehemu za juu za kuta za ndani, mfuniko wa kupandia darini, na zile nafasi chini ya sakafu nyuma ya ukuta mfupi, ambazo huzibwa kwa vipande vya povu gumu kati ya kila boriti na boriti. Feni ya bafuni iliyokuwa ikitoa mvuke darini hupelekewa bomba hadi nje.

Kizuia joto hufuata baada ya kuziba. Wanaopuliza nyuzi za karatasi juu ya penyo zilizo wazi wanafukia ugonjwa. Kisha hufunguliwa njia ya hewa ya nje, inayoingia kwenye upindo na kutokea kwenye kilele cha paa. Mpangilio huu una maana yake: ukiweka matundu ya kileleni bila kuziba dari, unaweza kuvuta hewa ya joto zaidi kutoka vyumbani.

Dari ya mshazari ndiyo inayowaumiza kichwa mafundi. Kenchi za nyumba za ghorofa moja na nusu zina kina cha sentimeta 10 au 15 tu, na humo hakuna nafasi ya kizuia joto cha kutosha pamoja na njia ya hewa. Hapa ndipo kubadilisha vigae kunapata maana yake halisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliifanyia kazi njia ya kulivalisha paa koti kwa nje, katika mradi walioupa jina hilohilo, Project Overcoat. Vigae hung'olewa, mbao zote hufunikwa kwa utando unaojinatisha ili kukata hewa, juu yake hupangwa bodi za povu gumu, kisha mbao mpya na vigae. Gharama ni kubwa. Lakini vigae vikiwa vimefika mwisho wa umri wake, kukosa kuuliza bei ya koti hilo ni kupoteza nafasi ambayo haitarudi kwa miaka 20.

Kuhusu utando huo, kanuni zinautaka ukingoni mwa paa hata pasipo na koti, uanzie ukingoni hadi angalau sentimeta 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Wengi hulielewa vibaya sharti hili. Umbali huo hupimwa kutoka ukutani, siyo kutoka ukingoni. Roli moja ina upana wa sentimeta 91. Nyumba yenye upindo wa sentimeta 60 inahitaji roli mbili, na zaidi mteremko ukiwa mkali. Utando hushika msumari unaoupenya na kuzuia maji kupita. Ni kinga ya mwisho, maana hauzuii tuta kujengeka. Nyaya za kupasha paa moto ziko chini zaidi kwenye orodha yangu: hutoboa njia ndani ya tuta, zinakula umeme, na chanzo zinakiacha kama zilivyokikuta.

Vigae vyenyewe hupigwa kiangazi au mapema majira ya kupukutika kwa majani. Gundi iliyopakwa chini ya kila kigae huhitaji jua ili ishike, na chini ya nyuzi 4 hivi haishiki; fundi wa Desemba hulazimika kubandika kila kigae kwa mkono.

Baada ya kuziba nyumba, lazima moshi wa tanuru na hita ya maji ya gesi upimwe. Nyumba iliyobana inaweza kurudisha moshi ndani, na gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Mkandarasi asiyelitaja hili hajamaliza kazi.

Wakenya wengi wamefanya makao Minneapolis na vitongoji vyake vya kaskazini, na wapo wanaonunua nyumba za umri huu. Kabla ya kusaini mkataba wa vigae, dai fundi apande darini na akupe bei ya kuziba na ya kizuia joto kwenye karatasi tofauti. Hakikisha leseni yake kwa Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, kwa sababu Minnesota inawataka mafundi wa mapaa ya nyumba wawe nayo. Na akija mtu baada ya mvua ya mawe akaahidi kukulipia ile sehemu ya hasara ambayo bima inakuachia wewe, mfungie mlango: sheria ya jimbo inakataza ahadi hiyo.