Kutoka Lami Hadi Mlango wa Hospitali: Wajibu wa Mhudumu wa Dharura Nchini Kenya

Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa takribani saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kutafutiwa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hatimaye alipokelewa, lakini alifariki. Wakati huo Katiba ya Kenya ilikuwa imetimiza miaka mitano, na Ibara yake ya 43(2) ilishasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki ilikuwepo. Kilichokosekana ni maelezo ya nani afanye nini, na asipofanya apatwe na nini.

Maelezo hayo yalikuja katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya 2017. Wanasheria wamekisoma kifungu hicho kwa jicho la hospitali. Mimi nakisoma kwa jicho la mhudumu wa dharura, yule anayeshuka kwenye gari la wagonjwa na mkoba begani, kwa sababu naamini kwamba uzito wa kifungu hicho mahakamani unategemea sana anachofanya yeye, na zaidi anachoandika.

Sheria inasema matibabu ya dharura yanajumuisha mambo matatu: huduma kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa pale mtoa huduma wa kwanza anapokosa vifaa au uwezo wa kuiimarisha hali hiyo. Kwa hiyo saa ya kisheria inaanza kuhesabiwa barabarani, kabla mlinzi wa hospitali hajafungua lango.

Chukua mfano wa mwendesha bodaboda aliyegongwa na lori karibu na Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Yuko chini, paja limevunjika, damu inatoka mguuni, na umati umeshakusanyika. Mhudumu aliyefunzwa haanzi na mguu. Anaanza na barabara: magari yamesimamishwa? Petroli imemwagika? Mhudumu akigongwa, majeruhi wanakuwa wawili na wa kuwahudumia hayupo. Kisha anavaa glavu.

Baada ya hapo mpangilio ni mmoja, na umepangwa kwa kuangalia kinachoua haraka zaidi. Damu inayobubujika huzuiwa kwanza, kwa kukandamiza jeraha moja kwa moja. Ikigoma kukoma kwenye mkono au mguu, hufungwa turniketi, ule mkanda wa kukaza, sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, na saa ya kuufunga ikaandikwa mahali ambapo daktari ataiona. Ifuatayo ni njia ya hewa. Majeruhi aliyepoteza fahamu anaweza kuzibwa koo na ulimi wake mwenyewe, na kwa kuwa shingo inaweza kuwa imeumia, taya husukumwa mbele bila kupinda shingo. Halafu kupumua, halafu mzunguko wa damu, halafu kiwango cha fahamu: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii chochote? Mwisho nguo hukatwa ili majeraha yaliyofichika yaonekane, na mwili hufunikwa blanketi, kwa sababu majeruhi aliyepoteza damu akipata baridi damu yake huganda kwa shida.

Paja lile lina siri ambayo umati hauioni. Mfupa wa paja ukivunjika, zaidi ya lita 1 ya damu inaweza kumwagika ndani ya misuli bila tone kutoka nje, na mtu mzima ana takribani lita 5 tu. Wasamaria wanaombeba majeruhi huyo juujuu na kumlaza nyuma ya pikapu wana nia njema kabisa, lakini kila mtikisiko unaongeza kinachovuja ndani. Kulifunga banzi paja hilo kabla ya kumsogeza ni sehemu ya kuimarisha hali kwa maana ileile ya kifungu cha 7. Na kama moyo umesimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Hakuna la kusubiri hapo, hata jina la mgonjwa.

Vipi kuhusu ridhaa? Kifungu cha 9 cha sheria hiyohiyo kinataka mgonjwa akubali baada ya kuelezwa, lakini kinaruhusu kumtibu bila ridhaa katika hali ya dharura, au pale ambapo kuchelewa kumtibu kungeweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, mradi hajakataa kwa kauli au kwa vitendo. Mwendesha bodaboda aliyezimia anatibiwa. Mtu mzima mwenye akili timamu anayesema hataki kupelekwa hospitali hashikwi kwa nguvu. Anaelezwa hatari iliyopo kwa lugha anayoielewa, anakataa tena, na kukataa kwake kunaandikwa mbele ya shahidi. Kuondoka tu kwa sababu amefoka ni kumtelekeza. Kifungu cha 11 nacho kinalinda siri za mgonjwa, na hili naliongeza kwa uchungu: picha za majeruhi zinazosambaa WhatsApp kabla familia haijapigiwa simu hazina utetezi wowote, hasa zikitoka kwenye simu ya aliyevaa sare.

Sasa tufike mlangoni. Kifungu cha 7 kinaitoza taasisi ya matibabu faini isiyozidi shilingi milioni 3 ikishindwa kutoa matibabu ya dharura ilhali ina uwezo wa kuyatoa. Hapo ndipo penye upenyo. Hospitali iliyomkataa mgonjwa itasema haikuwa na uwezo: vitanda vimejaa, mashine ya kupumulia haipo, daktari wa upasuaji yuko likizo. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine kilichokosekana ni malipo ya awali, na kifungu hakiweki sharti la malipo mahali popote. Wala hakitaji fomu ya P3. Hiyo ni ushahidi wa kesi ya polisi na inaweza kujazwa mgonjwa akiwa tayari wodini. Mahakama itajuaje kilichotokea usiku ule saa 8 pale getini?

Itajua kwa karatasi ya mhudumu. Kama ameandika saa aliyofika, mapigo ya moyo na presha ya mgonjwa, jina la aliyempokea au kumkataa, na sababu iliyotolewa kwa maneno yake, basi dai la kukosa uwezo lina kitu cha kupimwa nacho. Kama hakuandika, ni neno la mhudumu dhidi ya neno la taasisi. Kuna jambo jingine ambalo hospitali husahau: kukosa kitanda cha mahututi hakuiondolei wajibu wa kuzuia damu, kutoa oksijeni, kuweka dripu, na kupanga rufaa. Kupanga rufaa kunamaanisha kupiga simu, kupata jibu la kupokelewa na kuandika aliyelitoa, kabla gari halijawashwa. Kumwambia dereva ajaribu kwingine hakupangi chochote.

Mhudumu mwenyewe ana wajibu wake. Kifungu cha 12 kinamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa dhamira na kwa kadiri ya ujuzi wake, ndani ya mipaka ya taaluma yake, na kinamtaja waziwazi kuhusu matibabu ya dharura. Mipaka hiyo inakata pande mbili. Kumchoma mgonjwa dawa ambayo hukufunzwa kuitoa ni kosa. Kuacha kufanya ulichofunzwa kwa kuogopa lawama nalo ni uzembe.

Si kila ugonjwa mzito ni dharura machoni pa sheria. Mwaka 1997, katika kesi ya Soobramoney, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba usafishaji wa damu kwa mgonjwa wa figo wa muda mrefu hauingii katika kinga ya matibabu ya dharura, kwa kuwa kinga hiyo ni ya janga la ghafla. Majaji wa Kenya wamefuata mkondo huo. Uamuzi huo unauma, lakini unaipa nguvu kesi ya majeruhi wa barabarani: yeye yuko katikati kabisa ya kinga hiyo.

Linabaki suala la nani anamiliki gari. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti huduma za magari ya wagonjwa, lakini majeruhi wa Salgaa, ndani ya Nakuru, anaweza kuhitaji kupelekwa Eldoret, Uasin Gishu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi, na kwa hiyo swali la nani atalipa halipaswi tena kuulizwa getini.

Ombi langu kwa magavana na wakuu wa hospitali ni dogo na halihitaji sheria mpya. Kila gari la wagonjwa liwe na fomu moja ya makabidhiano inayotambulika katika kaunti zote, yenye saa nne: ya simu kupokelewa, ya kufika kwa majeruhi, ya kuondoka, na ya kupokelewa au kukataliwa. Mhudumu atie saini, na hospitali itie saini, hata inapokataa. Nakala moja ibaki na familia ya mgonjwa.