Sifa za Pindo

Kanga imesifiwa kwa maneno yake hadi tunasahau kwamba ni nguo. Anayetaka kuiandika huanza na jina: nani alimfumba nani, mke mwenza alijibu vipi, jirani alipita barazani na ujumbe gani kiunoni. Sina ugomvi na jina. Lakini mwanamke anayeijua kanga, akisimama dukani Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Mtaa wa Biashara, Mombasa, hatangulii kusoma. Muuzaji akishamtandazia doti, yeye hushika ukingo, akaufuata kwa vidole mpaka penye pembe, akaitazama pembe. Akikunja uso hapo, jina liwe tamu kiasi gani, doti hiyo itarudi kwenye rafu.

Pindo ndilo linaloifanya kanga kuwa kanga. Kitenge ni cha kukatwa: maua yake hujirudia toka mwanzo hadi mwisho wa jora, na ukikata hapa au pale hakuna hasara. Kanga ina mipaka. Mji umekaa katikati, jina chini yake, na pindo limevizunguka vyote pande nne, katika nguo yenye urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kitu. Ukiichana mahali usipopaswa, umeiharibu.

Asili yake inavyosimuliwa pwani ni kisa cha kingo tangu mwanzo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mraba zilizouzwa kwa jora, wakakata sita, wakaziunganisha tatu kwa tatu, wakapata nguo moja ya kujifunga. Mombasa hadi leo wengi huiita leso. Nguo hiyo ilipendeza, lakini ilikuwa na mistari ya kila leso iliyokatiza katikati, na mishono juu yake. Wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza nguo nzima iliyochapishwa mara moja. Zile kingo za ndani zikaondoka, na ukingo mmoja ukabaki nje kuizunguka nguo yote. Kwangu mimi, kanga ilizaliwa hapo, kabla hata haijaanza kusema.

Waliozichapisha kwa miaka mingi walikuwa mbali: Uholanzi na Uingereza, baadaye Japani na India. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Mahali popote zilipochapishwa, mchoraji alikutana na taabu ileile, na taabu hiyo iko kwenye pembe. Kuchora ukanda unaokwenda moja kwa moja si kazi kubwa. Korosho inafuata korosho, nukta inafuata nukta, mpaka ukanda ufike mwisho na utakiwe kugeuka. Hapo ndipo utakapomjua mchoraji. Mvivu huuacha ukanda mmoja uukate mwingine, korosho ikabaki nusu, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado anaongea. Mwingine huweka pembeni mraba wenye ua lake peke yake, na pande zote mbili zinaishia hapo kwa heshima. Njia hii ni salama, na kanga nyingi nzuri zimeifuata. Aliye bingwa hupima tangu awali, akagawa urefu na upana kwa ukubwa wa ua lake, ili ua lenyewe lipinde kwenye pembe bila kukatika. Urefu na upana havilingani, kwa hiyo hesabu haikubali kirahisi. Itabidi anyooshe ua kidogo upande mmoja, alibane kidogo upande mwingine, na kuficha ujanja huo asiuone mtu.

Hata rangi husema ukweli wake kwenye pindo. Kila rangi huchapwa peke yake, na ikisogea kidogo tu, katikati ya mji huwezi kugundua kitu kwa wingi wa maua. Pembeni, penye mistari iliyonyooka, utaona mwanya mweupe upande mmoja na rangi iliyopanda juu ya mwenzake upande wa pili.

Kisha doti inafika kwa fundi cherehani, na kazi nyingine ya kingo inaanza. Pande ndefu za kanga mara nyingi hazina shida, kwa sababu huko ndiko uzi wa mfumaji ulikogeuka na kurudi, hauchomoki ovyo. Shida iko pande fupi zilizokatwa. Watu huona ni kazi ya dakika chache, ya kumpa mwanafunzi ashike. Mimi nadhani ni mtihani. Kanga mpya ina wanga, imesimama wima kama karatasi, na wanga huficha kasoro. Fundi anayejua huchomoa uzi mmoja, akafuata njia iliyoachwa na uzi huo na mkasi wake. Tatizo ni kwamba chapa haikubaliani na uzi kila mara. Kitambaa huenda kilipita mashineni kimejikunja kidogo, na mstari wa pindo ukaegemea. Akifuata chapa, kanga itaonekana imenyooka leo, na ikishafuliwa mara mbili itajipindapinda. Akifuata uzi, ukanda mweupe utabaki mpana ncha moja na mwembamba ncha ya pili, na mteja atalalamika papo hapo. Mafundi wazuri huziibia pande zote mbili kidogo kidogo. Hakuna anayewashukuru kwa hilo.

Baada ya hapo anapinda mara mbili, ili ncha zenye nyuzi zifungiwe ndani, pindo jembamba lisiloongeza uzito. Uzi wake hufuata rangi ya ukingo. Akifika mwisho, penye tabaka nyingi za kitambaa, huacha kukanyaga, akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ishuke taratibu isivunjike, kisha akairudisha nyuma hatua chache ili mshono usifumuke. Siku hizi wengi wanapiga ovaloki tu, wakamaliza. Kwa shati sawa. Kwa kanga naiona ni dharau, maana upande wa ndani wa kanga huonekana kila inapofungwa na kufunguliwa.

Na kanga hufunguliwa sana. Anayebeba mtoto mgongoni hukaza pembe mbili kifuani, na uzito wote wa mtoto unaning'inia hapo. Bibi zetu walifunga senti katika pembe moja, fundo dogo gumu lililofunguliwa kwa meno mbele ya muuza samaki. Simu imechukua kazi hiyo kwa wengi, ingawa sokoni bado utamwona mama akitafuta chenji yake penye pembe ya kanga. Kwa matumizi hayo yote, pindo ndilo huchakaa kwanza. Kanga kuukuu iliyobaki na mji safi na kingo zilizochanika ni kitu cha kawaida; kinyume chake sijakiona.

Kuna mafundi wanaoshona magauni ya kanga, na hao ndio ninaowahusudu. Fundi wa kubahatisha hukata gauni kana kwamba amepewa kitenge: nusu ya pindo begani, nusu kwapani, jina limekatwa katikati ya neno. Anayejua hutandaza doti nzima mezani na kuiangalia kwanza. Pande nne ndefu huzitenga kwa marinda ya chini, ukanda ufuate ukanda mpaka gauni lizunguke bila kuonyesha palipoungwa. Pande fupi zinakwenda kwenye mikono na shingo. Jina hulilaza pale litakaposomeka lote, au huliondoa kabisa kwa ruhusa ya mwenyewe. Kazi ikiisha, hakuna hata kipande cha pindo kinachosalia mezani. Kinachobaki ni mabaki ya mji, na hayo humpa mteja ashonee foronya.