Jagam, Haya na Kauli ya Msichana katika "The Rain Came" ya Grace Ogot

Utangulizi

Hadithi fupi ya Grace Ogot iitwayo "The Rain Came" imezoeleka kusomwa kama mgogoro kati ya penzi na mila. Kwa usomaji huo, Oganda na Osinda ni vijana wawili wanaopendana, jamii ni kikwazo chao, na mvua inayonyesha mwishoni ni hukumu dhidi ya imani ya kafara. Usomaji huo si potofu, lakini unaacha swali moja la msingi bila jibu: kwa nini penzi hili halijulikani na mtu yeyote hadi siku msichana anapopelekwa kufa? Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika nafasi ya mtu wa tatu, yaani rafiki, shangazi au mshenga anayeingilia penzi la watu wawili wenye haya. Nafasi hiyo, ambayo Wajaluo humwachia jagam, haikosekani katika hadithi hii. Imeshikwa na mtu asiyestahili.

Haya kama desturi

Ogot alizaliwa mwaka 1930 katika eneo la Asembo, kwenye ufuko wa Ghuba ya Winam, na akafariki mwaka 2015. Hadithi yake ilitoka kwanza mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus, ikiitwa "A Year of Sacrifice", kisha ikaingizwa katika mkusanyiko Land Without Thunder mwaka 1968. Asili yake ni masimulizi ya ufukoni, na ni lazima isomwe kwa kuzingatia taratibu za jamii iliyoyazaa masimulizi hayo.

Katika taratibu hizo, haya ya wachumba haikuhesabiwa kuwa udhaifu wa mtu binafsi. Ilikuwa adabu. Kijana aliyejisemea mwenyewe mbele ya wazazi wa msichana alionekana hana watu. Msichana aliyeonyesha waziwazi kwamba anataka kuolewa alionekana hana malezi. Kwa hiyo maneno yalibebwa na wengine. Vijana wa kiume walikutana katika simba, nyumba ya kijana asiyeoa. Wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, ambamo hadithi na mafunzo ya maisha vilikwenda pamoja. Kati ya makundi haya mawili alipita jagam, mara nyingi mwanamke mwenye uhusiano na pande zote mbili, akisifu upande huu kwa upande ule. Kumwita mtu huyu mdaku ni kukosea. Yeye alikuwa ulimi wa watu ambao desturi iliwakataza kusema.

Hata hivyo, utaratibu huu una kasoro ambayo mhakiki hawezi kuifumbia macho. Msichana akitarajiwa kukataa hata anapokubali, kukataa kwake kwa kweli hakutambuliki. Jambo hili hujitokeza wazi katika desturi ya zamani ambapo rafiki za bwana arusi walimvuta msichana hadi kwa mumewe, naye akipiga mayowe. Mayowe hayo yalikuwa sehemu ya heshima yake. Je, nani angeyatofautisha na mayowe ya msichana asiyetaka? Mtu wa tatu huwapa wenye haya kauli, lakini pia anaweza kuwapokonya.

Ndithi kama jagam

Ogot ameijenga hadithi yake juu ya kasoro hiyo hiyo. Mganga Ndithi anamletea Mtemi Labong'o ujumbe kutoka kwa Podho, mhenga wa ukoo: mvua haitanyesha mpaka msichana fulani atolewe kwa dubwana la ziwani. Jinsi ujumbe huu unavyotolewa ni muhimu. Ndithi anaeleza umbo la msichana, ngozi yake, macho yake na mapambo yake. Hivi ndivyo anavyosema mshenga anapomweleza mwali kwa watu wa mume. Tofauti ni kwamba mume hapa ni dubwana, na posa ni mauti.

Kikao cha familia kinachofuata kina sura ya kikao cha posa. Jamaa wanakusanyika na kunong'ona. Oganda, ambaye hakuhusishwa, anahisi kwamba anajadiliwa na kudhani ni habari ya ndoa. Anawapitisha moyoni vijana wanaoweza kuwa wamemposa, na kimoyomoyo anaomba awe Osinda, tena aje amchukue. Kejeli ya tukio hili haitokani na ujinga wa msichana. Ameisoma ishara kama alivyofunzwa kuisoma, kwa sababu katika jamii yake kikao cha ndoa na kikao cha kafara vina kanuni moja: mwenye kujadiliwa hayumo. Hata hafla ya kumuaga, yenye ngoma na pongezi kwa heshima aliyoipata, ni arusi isiyo na bwana arusi.

Kiungo cha hoja hii ni mkufu wa shaba ulio kiunoni mwa Oganda. Ni zawadi ya Osinda, na ni kauli pekee iliyopita kati yao. Hakuna katika hadithi jagam aliyetumwa kuifasiri kauli hiyo kwa wazazi. Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hapa kikohozi kilisikiwa na sikio lisilofaa. Mkufu unaomeremeta ndio Ndithi anaouona ndotoni, nao unageuka alama ya kumtambulisha mhanga. Ishara ya penzi isiyokuwa na mtu wa kuisemea imesemewa na mtu mwingine, kwa maana nyingine.

Ulinganisho

Tatizo hili si la Wajaluo peke yao. Katika Much Ado About Nothing, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mwaka 1600, Claudio hathubutu kumposa Hero. Don Pedro anavaa kinyago na kumposea. Mlango uliofunguliwa na rafiki ndio unaopitwa baadaye na msingiziaji, naye Hero, aliyesema machache wakati wa kuposwa, haaminiwi na Claudio wakati wa kuhukumiwa. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), upande wa Ukerewe wa ziwa lile lile, barua ya Charles inamfikia Rosa bila mpatanishi, na mtu wa tatu anayeingilia ni baba, Zakaria, kwa kipigo. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Tamthilia ya kwanza inaonyesha hatari ya kusemewa. Riwaya inaonyesha hatari ya kukosa wa kukusemea. Hadithi ya Ogot inazibeba hatari zote mbili.

Hitimisho

Kwa mtazamo huu, kuja kwa Osinda mwishoni ni zaidi ya uokozi. Anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, bila mjumbe, na kumfunika Oganda kwa vazi la majani ili macho ya wahenga yasimwone. Ombi alilolitoa msichana kimoyomoyo linajibiwa na aliyeombwa. Mtu wa tatu ameondolewa kabisa, na mvua inanyesha.

Lakini ushindi huu una gharama, na Ogot haifichi. Wapenzi wanakimbilia nyikani, mbali na watu wote ambao wangeweza kuwaimbia, kuwatania na kuwashuhudia. Penzi lisilo na mtu wa tatu limeokoka kwa kupoteza jamii. Kwa hiyo hadithi hii haimfukuzi jagam, inamdai. Inauliza kama anayebeba maneno ya wenye haya amewasikiliza kabla ya kuwasemea, na hasa kama amemsikiliza msichana. Usomaji unaoishia katika mgogoro wa penzi na mila haulifikii swali hilo, kwa kuwa unaiona mila kama kitu kimoja. Ogot aliiona kutoka ndani, na ndani yake mna mshenga na mna mganga, ambao hutumia maneno yale yale.