Kiambishi -ni na Tumaini la Waamini: Lugha ya Mbinguni katika Kiswahili cha Kikristo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ambayo Wakristo wazungumzao Kiswahili huitumia kuelezea maisha ya waamini mbinguni. Data zake kuu ni Biblia ya Union Version (1952) na kauli iliyozoeleka ya rambirambi. Hoja inayotetewa ni kwamba kiambishi tamati -ni pamoja na upatanisho wa ngeli za mahali vimelifanya tumaini la Kikristo lisomeke kama kuhama kwa roho kutoka mahali pamoja hadi pengine. Hata hivyo, tafsiri hiyohiyo ina sarufi ya pili, ya kuwa pamoja na mtu na ya kukaa kwake, ambayo inakaribiana zaidi na fundisho la ufufuo. Makala yanapendekeza kwamba sarufi hiyo ya pili ipewe uzito na wahakiki, watafsiri na wahubiri.

1.0 Utangulizi

Msamiati wa Kiswahili kuhusu hatima ya binadamu baada ya kifo una sifa moja ya kimofolojia ambayo haijatiliwa maanani ipasavyo. Karibu kila istilahi kuu ndani yake ni nomino ya mahali: mbinguni, peponi, motoni na, kwa Wakatoliki, toharani. Hata Kuzimu, neno lisilohitaji -ni, limebeba ku- ya mahali mwanzoni mwake, likiwa limeambatanishwa na mzizi uleule tunaoukuta katika mzimu. Kwa hiyo, anayetaka kusema jambo lolote kuhusu wafu kwa Kiswahili hulazimika kwanza kusema wapo wapi.

Jambo hili lingekuwa la kawaida tu kama imani inayosimuliwa ingekuwa ya mahali kwanza. Lakini Kanuni ya Imani ya Mitume, inayokaririwa katika madhehebu mengi, hailitaji neno mbingu pale inapofika kwenye tumaini la waamini. Huitaja mbingu inapozungumzia uumbaji na kupaa kwa Kristo. Kwa waamini hutaja ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Kati ya kanuni hiyo na mahubiri ya kaburini pana pengo. Swali la makala haya ni hili: lugha yenyewe ina mchango gani katika pengo hilo?

Mijadala kuhusu Biblia ya Kiswahili mara nyingi imehusu historia ya wamisionari na mvutano wa Kiunguja na Kimvita ambao Union Version ilikusudiwa kuutatua. Hayo ni muhimu, lakini hayatoshi. Tafsiri ni tendo la kisarufi pia, na sarufi ya lugha pokezi huweza kufundisha jambo ambalo mtafsiri hakukusudia kulifundisha.

2.0 Mbingu na mbinguni

Kigiriki cha Agano Jipya hutumia neno moja, ouranos, kwa anga tunaloliona na kwa makao ya Mungu. Kiswahili cha Union Version kina maumbo mawili, mbingu na mbinguni, na mgawanyo wake una maana. Katika Ufunuo 21:1, kinachopita na kinachofanywa upya ni mbingu, bila -ni. Panapotajwa Baba alipo, malaika walipo na hazina isiyoliwa na nondo ilipo, -ni hujitokeza. Mgawanyo huu ni mwelekeo tu. Mathayo 5:34 hutumia umbo lisilo na -ni kwa mbingu iliyo kiti cha enzi cha Mungu. Hata hivyo mwelekeo huo una nguvu ya kutosha kumpa msomaji hisia kwamba kuna vitu viwili: mbingu, iliyo sehemu ya uumbaji na itakayopita, na mbinguni, ambako hakuguswi na mabadiliko hayo. Kisarufi, mbingu huumbwa. Ni vigumu kusema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba Mungu aliumba mbinguni. Kiambishi kimoja kimeiondoa mbingu ya Mungu katika historia ya viumbe.

Athari kubwa zaidi imo katika Injili ya Mathayo. Maneno ya Kigiriki yanayotafsiriwa ufalme wa mbinguni hutokea humo zaidi ya mara 30, na neno la pili ni nomino katika uhusika wa umilikaji, si kielezi cha mahali. Wafafanuzi wengi wa Mathayo huliona kama njia ya heshima ya kutaja utawala wa Mungu bila kurudiarudia jina lake; ndiyo maana katika vifungu sambamba Marko na Luka husema ufalme wa Mungu. Tafsiri iliyofuata umbo la Kigiriki ingetoa ufalme wa mbingu. Kwa kuongeza -ni, Union Version imetoa ufalme ulioko mbinguni. Utawala umegeuka nchi, na kuuingia kumegeuka safari. Msomaji wa Kiswahili akikutana na mfano wa mbegu ya haradali au wa chachu, ambapo ufalme huo hukua shambani na kuumua unga, hana budi kupambana na jina linalomwambia kwamba jambo hilo liko kwingine.

3.0 Ngeli tatu za mahali, mbingu tatu

Kiswahili hutofautisha mahali kwa PA-, KU- na MU-. Kwa kawaida PA- huashiria mahali mahususi au pa karibu, KU- mahali pa jumla au pa mbali, na MU- ndani. Lugha ya Kikristo imezitumia zote tatu kwa makao ya waamini, na kila moja imechora picha yake.

KU- imo katika Sala ya Bwana. Union Version, katika Mathayo 6:10, imeiwekea dunia kiashiria hapa na mbinguni kiashiria huko. Viashiria hivyo viwili havimo katika Kigiriki. Vimeletwa na mahitaji ya mtiririko wa Kiswahili. Vimesaidia sala ikaririke vizuri, lakini vimeweka umbali. Maana ya ombi ni kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe kotekote kwa namna moja. Kiashiria humkumbusha anayesali kwamba yeye yuko hapa, na kinachoombwa kiko huko.

PA- imo katika rambirambi. Hakuna kauli ya msiba iliyoenea kuliko ile inayomwomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Husemwa na Wakristo na Waislamu, huchapishwa magazetini na kusikika katika hotuba za viongozi. Kauli hii ina mambo matatu yanayostahili kuhakikiwa. Kwanza, yambwa yake ni roho. Mwili, ambao Paulo katika 1 Wakorintho 15 aliuhangaikia sura nzima, haumo. Pili, kitenzi chake ni laza, yaani usingizi, ilhali Ufunuo unawaonyesha waliokombolewa wakisimama, wakiimba na kutumika. Tatu, upatanisho wake ni wa PA-: pameteuliwa mahali, na mahali hapo ndipo mwisho wa habari. Hatua mbili ambazo mapokeo mengi ya Kikristo huzitenganisha, yaani kungoja baada ya kifo na utimilifu baada ya ufufuo, zimekunjwa kuwa moja. Anayebaki kaburini huambiwa kwamba yote yamekwisha kukamilika, wakati imani yake inamwambia kwamba jambo kubwa bado linakuja.

MU- imo katika Yohana 14:2, ambapo nyumba ya Baba imepewa upatanisho wa ndani na ndani yake yametajwa makao. Hapa mtafsiri alifanikiwa sana. MU- haipimi umbali wala haielekezi kidole; huingiza. Makao nayo ni nomino ya kitenzi kaa, kitenzi ambacho Yohana katika Union Version hukitumia kwa uhusiano wa Kristo na wanafunzi wake katika sura ya 15. Msomaji makini wa Kiswahili anaweza kuuona uzi huo: anayekaa ndani ya Kristo sasa ndiye aliyeandaliwa makao. Mahali hapa hapaeleweki bila mtu.

4.0 Bustani iliyogeuka Peponi

Neno la Kigiriki paradeisos, lenye asili ya Kiajemi na maana ya bustani iliyozungushiwa ukuta, hutokea mara 3 tu katika Agano Jipya: Luka 23:43, 2 Wakorintho 12:4 na Ufunuo 2:7. Union Version imetumia peponi katika sehemu mbili za kwanza na bustani katika ya tatu. Uamuzi wa mwisho una faida ya wazi: Ufunuo unauzungumzia mti wa uzima, na kwa neno bustani msomaji hurudishwa moja kwa moja kwenye Mwanzo 2. Lakini kamba iliyofunga sehemu zote tatu imekatika. Mhalifu aliyesulubiwa na Yesu anaahidiwa peponi. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba anaahidiwa bustani ileile ambayo Adamu alifukuzwa.

Je, peponi lilikuwa kosa? Sioni hivyo. Neno hilo lilikuwa limeshakomaa katika Kiswahili cha Waislamu wa pwani kwa maana ya janna, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni bustani. Mkristo wa kwanza kulisikia Luka 23:43 kwa Kiswahili alipewa neno ambalo jirani yake Mwislamu alilielewa, na ushirika huo wa lugha umedumu hadi leo katika misiba yetu. Ushairi umepita njia hiyohiyo: Mathias Mnyampala alipotunga Utenzi wa Enjili Takatifu, aliileta Injili katika umbo lililolelewa na washairi Waislamu. Tatizo ni kwamba peponi haina udongo. Kwa umbo ni pepo na -ni, na pepo ni neno la ukoo wa upepo, la vitu visivyoshikika. Injili za Union Version hulitumia neno hilohilo pepo kwa roho wachafu wanaotolewa watu. Muktadha huondoa utata, lakini taswira ya msingi hubaki ya hewa na roho. Bustani ina mti, mto na matunda. Peponi hapana cha kushika. Lugha mbili za asili zilisema bustani, na Kiswahili kikajibu kwa upepo.

Luka 23:43 ina suala jingine linalomhusu mwanaisimu. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na alama za uakifishaji, na Waadventista Wasabato, wasioamini kwamba wafu wana fahamu kabla ya ufufuo, huliunganisha neno leo na kusema, si na kuwapo peponi. Union Version imeufunga mjadala kwa njia ya Kiswahili kabisa: imetumia leo hivi na kuiweka mbele ya kitenzi cha wakati ujao. Neno hivi huifanya ahadi iwe ya papo hapo, na mkato wa Kigiriki unaobishaniwa hauna tena pa kuwekwa. Kinachosahaulika katika ubishi huo wa wakati na mahali ni neno lililo kati yake, pamoja. Ahadi yenyewe ni ya kuwa na mtu.

5.0 Kwa Mungu

Neno hilo pamoja linatupeleka kwenye sarufi ya pili. Kiswahili kina namna ya kutaja mahali kwa kumtaja mwenyeji wake: kwa baba, kwa shangazi, kwetu, kwao. Anayesema anakwenda kwa shangazi hataji mtaa. Shangazi ndiye anwani. Union Version huitumia namna hii. Katika Ufunuo 21:2 mji mtakatifu hushuka kutoka mbinguni kwa Mungu. Katika Wafilipi 1:23 shauku ya Paulo ni kuwa pamoja na Kristo. Na mwendo wa Ufunuo 21 ni wa kushuka: waamini hawapandi, mji ndio unaokuja, na kinachotangazwa ni kwamba maskani ya Mungu yako pamoja na watu. Maskani ni uteuzi mzuri. Kijana wa mjini leo hulijua kama mahali ambapo wenzake hukutana kila siku; mahali hapo hupata jina kwa sababu ya watu.

Wafilipi 3:20 ni mfano mwingine. Neno politeuma, linalohusu uraia, limetafsiriwa wenyeji. Mahubiri mengi hulisoma kwa maana kwamba hapa sisi ni wapita njia. Lakini Filipi ilikuwa koloni la Warumi, na kama N. T. Wright anavyosisitiza katika Surprised by Hope (2007), raia wa Rumi aliyeishi Filipi hakungoja kurudi Rumi. Kazi yake ilikuwa kuishi Kirumi palepale alipo. Mstari wenyewe unamngoja Mwokozi atoke huko aje, na unaofuata unataja kubadilishwa kwa mwili. Mwenyeji, kwa Kiswahili, ndiye anayepokea wageni. Uenyeji huo basi unamtaka mwamini awe tayari kupokea kinachokuja.

Sarufi hii ya pili pia humpa uzima maana yake kamili. Union Version ingeweza kusema maisha ya milele. Ilichagua uzima, kutoka katika mzizi -zima, wenye maana ya kutopungukiwa na kutokuwa na ugonjwa. Maisha ya milele ni muda usiokwisha. Uzima wa milele ni mtu kuwa mzima, mwili wake ukiwemo. Neno hilo linamjibu mfiwa vizuri kuliko mahali pema, kwa kuwa humwambia atakuwaje yule aliyemzika akiwa amekondeshwa na maradhi.

6.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu unaitwisha -ni mzigo mkubwa mno, kwa kuwa picha ya roho kupaa juu imo pia katika lugha zisizo na ngeli za mahali. Ni kweli, Kiswahili hakikuibuni picha hiyo. Kilichofanya ni kuifanya iwe lazima ya kisarufi pale ambapo lugha nyingine huiacha iwe hiari ya mhubiri. Kwa sababu hiyo hiari inapaswa kurejeshwa kwa makusudi. Watafsiri wa matoleo yajayo wanaweza kuupima upya ufalme wa mbingu dhidi ya ufalme wa mbinguni, na kuzifunga tena kwa neno moja sehemu tatu za paradeisos. Wahakiki wa ushairi na mahubiri ya Kikristo wanaweza kuuliza ni ngeli gani ya mahali inayotawala matini wanayoyasoma, na ni nani, kama yupo, anayetajwa kuwa mwenyeji wa mahali hapo. Anayeongoza ibada ya mazishi naye ana maneno tayari mkononi mwake, yaliyomo katika Biblia aliyoishika: kwa Mungu, pamoja, maskani, uzima. Hayo hayamwambii mfiwa ni umbali gani umemtenga na mpendwa wake, bali humwambia aliye naye ni nani.