Kilio Kisicho na Kaburi: Majonzi na Kiwewe katika A Grain of Wheat

Wahakiki wengi wameisoma A Grain of Wheat (1967), riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kama kisa cha usaliti na ungamo. Usomaji huo una msingi, ila humweka pembeni mhusika asiyepewa hata jina: bikizee, mamake Gitogo. Gitogo, kiziwi na bubu, aliuawa kwa risasi na askari wakati wa Hali ya Hatari kwa kutotii amri asiyoweza kuisikia. Uhuru unapokaribia, mama huyo anaamini kuwa mwanawe amerudi.

Taaluma ya saikolojia hutofautisha hali mbili. Kiwewe ni tukio la zamani linalojirudia kana kwamba linatendeka sasa. Mwenye nacho hukwepa kila kinachomkumbusha. Majonzi ya muda mrefu, yaliyomo katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, ni kiu ya aliyekufa, mfiwa humtafuta. Zikikaa katika moyo mmoja, hali hizi hulishana: sura ya mauaji humzuia mfiwa kumkumbuka marehemu akiwa hai, na kila anapomtafuta hurejeshwa penye mauaji.

Riwaya inausawiri uhusiano huu kwa kuwakutanisha wahusika wawili. Mugo, aliyemsaliti Kihika na baadaye kuteswa kizuizini Rira, huepuka watu na maneno. Hata hivyo kibanda cha bikizee humvuta. Baada ya kuungama hadharani anaingia humo. Bikizee anamwona mwanawe katika sura yake, kisha anafariki. Anayekimbia kumbukumbu amekuwa jibu la anayeitafuta. Mbinu rejeshi, iliyotumiwa katika riwaya nzima, inaafiki hali hiyo: matukio ya 1963 hukatizwa mara kwa mara na ya miaka ya hamsini, na wakati hausongi mbele.

Huenda ikadaiwa kwamba usomaji huu unageuza siasa kuwa ugonjwa. Historia ya Kiambu inaonyesha kinyume. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni 1, wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu, hadi vijiji vilivyolindwa. Kwa msomaji wa Theta, kati ya Ruiru na Thika, jambo hili haliko mbali. Katika gereza la Kamiti, upande huohuo wa Kiambu, Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa pasipo alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 kabla ya mabaki hayo kupatikana. Si ajabu kwamba P. M. Kareithi aliiita riwaya yake ya Kiswahili kuhusu Mau Mau Kaburi Bila Msalaba (1969). Majonzi yalirefushwa na sera iliyowanyima wafiwa kaburi. Udhaifu wa moyo haukuwa chanzo.

Hapa ndipo hukumu ya kawaida kwamba ungamo la Mugo linaiponya jamii inapohitaji kupimwa upya. Ungamo linamtaja msaliti wa Kihika, na kwa Mumbi na Gikonyo linafungua njia ya mazungumzo. Kwa bikizee halileti lolote, kwa kuwa aliyemuua Gitogo hakuwa Mugo, na aliyemuua hakuungama. Riwaya inawapa walio hai nafasi ya kuanza upya, lakini deni hilo inaliacha bila kulipwa.